Kikao cha Ukoo Kuhusu Joto la Yustina

Anayelowa jasho ndiye achague shuka. Mmemsikia bibi yenu akimwambia mama yenu hivyo jikoni, mkaja kuniuliza msemo huu umetoka wapi. Umetoka humu humu nyumbani, na mpumbavu wa siku ile, niwaambie mapema kabla hajawaambia yeye, nilikuwa mimi babu yenu. Ulianza hivi.

Bibi yenu Yustina alikuwa na miaka hamsini na mmoja, anafundisha darasa la kwanza. Hedhi ilikuwa imekoma, na joto likamwanza. Mnaijua baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, hata mbwa anagombea jiko. Yeye analala dirisha wazi, asubuhi shuka analikamua kama limetoka mtoni. Usingizi ukamkimbia. Mwalimu mkuu akamkuta mara mbili amesinzia mbele ya watoto, akamwambia ya tatu ataiandikia barua.

Tukaenda kwa daktari wa wanawake. Akatueleza kwamba kuna homoni ya estrojeni ya kurudishia ile iliyopungua mwilini. Ipo yenye nguvu ya kawaida, ambayo hulituliza joto vizuri. Ipo na nyingine laini zaidi. Wengine huwatosha, wengine joto haliwaachi.

"Laini haina maana kwamba haina madhara," alisema. "Zote zinataka vipimo na kufuatiliwa. Nenda ukafikirie, mama, uje wiki ijayo."

Alimwambia yeye akafikirie. Mimi nikaitisha kikao cha ukoo.

Kwetu jambo zito halipiti bila kikao, liwe shamba, mahari au kuuza fahali. Jumapili wakaja: kaka yangu Danstan, mwenyekiti wa kudumu, mdogo wangu Alanus, mwandishi, na daftari lake, na shangazi Federika, ambaye haalikwi na hakosi.

"Mimi nilipita huko bila kidonge," alianza shangazi. "Nilivumilia."

"Shangazi, aliyevumilia ni mumeo," alisema Alanus.

Saa mbili nzima. Danstan akauliza kama hiyo laini hupimwa kwa kizibo, kama dawa ya nyanya. Mimi niliyefika kwa daktari ndiye niliyeharibu zaidi. Nikawaambia laini ni kama chai yenye majani machache, itamdhuru nani? Kila tulipokaribia mwisho, shangazi alianza upya na uvumilivu wake. Kikao nilikiita mwenyewe, na mwenyewe kikanichosha.

"Basi tupige kura," alisema Danstan. "Wanaotaka ile laini?"

Mikono mitatu ikapanda, na wangu ukiwemo. Shangazi aliikunja yake kifuani.

Hapo Yustina akaingia na chupa ya chai, mabega wazi, paji la uso linang'aa jasho. Danstan akakohoa kidogo.

"Shemeji, ukoo umekuchagulia ile laini."

"Nimeianza juzi."

"Juzi?" nikauliza. "Si tuliambiwa wiki ijayo?"

"Niliona mmeanza kualikana, nikarudi kwa daktari peke yangu. Nimepimwa. Nimemwambia nianze na hiyo, miezi mitatu. Joto lisiposhuka, nitataka ile ya nguvu, maana kazi yangu siipotezi kwa sababu ya usingizi."

Danstan uso ukamkunjuka. "Si ndiyo hiyo hiyo tuliyoipitisha? Alanus, andika: wote tumekubaliana."

Yustina akaiweka chupa mezani. Akatutazama mmoja mmoja, tulivyojifunga makoti, masweta na kofia za sufu.

"Shemeji Alanus, usiandike. Hapa hakuna aliyekubaliana na mimi, maana hakuna aliyeniuliza. Na hiyo miezi mitatu ikiisha, msije. Anayelowa jasho ndiye achague shuka."