Kwa Nini Karai la Mboga Halifunikwi

Mmeniuliza kwa nini katika bonde hili la Shiqiao kifuniko hutundikwa ukutani mboga zinapoingia kwenye karai, na kwa nini mpishi hapashi mafuta mpaka kila mtu awe ameketi. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa.

Zamani, huku kwetu China, mboga za majani hazikunyauka. Ile yenye bua nene jeupe na jani pana la kijani ilichumwa leo, ikaliwa baada ya mwezi, na bado ilikuwa na umande. Kila jani lilishikilia pumzi moja, likaitunza mpaka lipikwe na kuliwa. Pumzi hiyo ilimwingia mlaji, naye akapata nguvu. Kwa sababu hiyo watu wa bonde hawakuwa na haraka. Waliahirisha mavuno, waliahirisha safari, hata maneno waliyotaka kuambiana. Jani litasubiri, walisema.

Wakati huo aliishi mkulima aliyeitwa Geng Shanmin na mkewe Suyun. Mwishoni mwa majira ya baridi Suyun aliugua. Alikataa uji wa mchele, akakataa tofu ya maharage ya soya, akakataa hata mchuzi wa tangawizi. Siku ya tisa alisema angeweza kula mboga ya bua jeupe, iliyokaangwa kwa kitunguu saumu, basi. Mganga alimwambia Shanmin kwamba akiila leo huenda nguvu zikarudi. Asipoila, yeye hana dawa nyingine.

Kabla ya ugonjwa huo Shanmin hakuwahi kupika. Jirani yao, Mama Tao, ndiye aliyemfundisha kupika wali wakati wa ugonjwa ule: ukiiva ufunike, uache, usiuguse. Asubuhi hiyo alipita akamkuta mbele ya moto.

“Shanmin, umeshika upawa kama unataka kulima nao.”

“Mwache, Mama Tao,” Suyun alisema kutoka kitandani. “Miaka ishirini na sita anakula tu. Leo ndiyo amejua jiko liko upande gani.”

Mama Tao akacheka, akaenda zake kuteka maji.

Mafuta yalipochemka Shanmin alitia kitunguu saumu, kisha mboga. Ziligeuka kijani cha kung'aa, kijani ambacho hakuwahi kukitazama vizuri kwa sababu siku zote kilikuwa kimeletwa mezani na mtu mwingine. Alizitia chumvi, akaenda kumwita mkewe. Suyun alikuwa amelala. Hakuwa amepata usingizi kwa siku tatu, na uso wake ulikuwa umetulia.

Hakutaka kumwamsha. Akarudi jikoni akafanya jambo pekee alilofundishwa. Alilifunika karai.

Baada ya muda mfupi kifuniko kilianza kugonga. Pumzi ya majani ilikuwa inatafuta njia. Shanmin aliogopa kelele zingemwamsha mgonjwa, akachukua jiwe la kusagia akaliweka juu. Kugonga kukapungua, kisha kukakoma. Aliketi kando ya karai, akiridhika kwamba nyumba ilikuwa kimya.

Suyun aliamka mchana.

“Mboga yangu iko wapi?”

Shanmin aliondoa jiwe na kifuniko. Majani yalikuwa ya manjano kama nyasi kavu, yamelala ndani ya maji yake yenyewe. Hakuwa na nyingine tayari, na hakutaka mkewe asubiri zaidi, kwa hiyo alimpelekea hizo. Suyun alizitazama.

“Ungeniamsha,” alisema.

“Ulikuwa umelala vizuri.”

“Najua. Ungeniamsha tu.”

Alitafuna jani moja, kwa ajili ya mumewe. Halikuwa na kitu ndani. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, alifariki.

Baada ya mazishi Shanmin alikwenda bustanini akachuma mboga nyingine. Ilinyauka mkononi mwake kabla hajafika mlangoni. Akarudi bustanini akayauliza majani yaliyobaki kwa nini, maana enzi hizo majani yalikuwa bado yanajibu.

“Tulikuwa na pumzi ya mkeo,” yalisema. “Tulibisha hodi. Ukaweka jiwe.”

“Sikujua.”

“Hukujua. Lakini sisi tumejua. Hatutasubiri tena.”

Hayakusema neno jingine, si kwake wala kwa mtu yeyote. Shanmin aliishi miaka thelathini na mmoja zaidi. Kila siku alikaanga mboga bila kifuniko, na kabla ya kuzitia kwenye mafuta aliita jina la mkewe kwa sauti, kisha akala peke yake zikiwa bado za moto. Majirani walimsikia. Mwanzoni walinyamaza, baadaye nao wakaanza kuita watu wao.

Na kuanzia siku zile mboga ya majani hunyauka sokoni kabla ya jioni, na ukiifunika huwa ya manjano. Ndiyo maana tunaita watu kwanza, ndipo tunapasha mafuta. Na mwenye mgonjwa humwamsha, hata kama amelala vizuri.