Koti Lililoungua Mgongoni

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii watu wengi huisema haraka haraka, wakidhani inamsifu mtu asiyethubutu kuvuka mtaa wao. Wanaionea. Anayecheza kwao aweza kucheza popote, hata mbele ya taifa zima, ilimradi waliomwona akianza kutambaa wakimtazama waseme, “Huyu ni wetu, na hatua hii tunaijua.” Asiyeamini na aje nimsimulie habari za binti wa dobi aliyeitwa Povu.

Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa kuwa tangu utotoni maneno yalimtoka bila kuisha. Duka lao lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele palikuwa na kaunta, katikati meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, na nyuma mabeseni pamoja na mashine iliyotetemeka kana kwamba inataka kwenda zake. Mjomba alifua, mama alipiga pasi, Povu alikaa kaunta. Jumamosi wateja walipofurika na nguo hazijawa tayari, mama alisema bila kuinua macho, “Povu, nishikie watu.” Hapo Povu alianza vichekesho vyake, na watu waliokuja wamenuna wakasahau kwamba wanasubiri.

Mama mwenyewe hakucheka ovyo. Kicheko na pasi ya moto havikai mkono mmoja, ndivyo alivyoamini. Lakini alikuwa na alama yake. Kichekesho kikimnogea, aliisimamisha pasi wima kwa kisigino chake, akashika kiuno, ndipo akacheka. Kicheko chake kilikuwa kama maji ya bomba yaliyokatika siku nyingi: kwanza hukohoa, kisha hutetemeka, kisha humwagika. Pasi ikiendelea kuteleza, Povu alijua kichekesho bado kibichi, akakirudisha jikoni. Hakuwa na mwalimu mwingine.

Kutoka kaunta alifika kwenye kumbi ndogo, kutoka kumbi ndogo akafika redioni, na mwaka huo jina lake likatangazwa miongoni mwa watatu waliobaki kuwania Tuzo ya Taifa ya Ucheshi. Mtaa mzima ulivimba kichwa. Mjomba aliwapa habari hata wateja waliokuja kuuliza njia tu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na neno.

“Mwanangu, kuchekesha ni pumzi tu kati ya kazi na kazi,” alimwambia. “Hakuna anayeishi kwa pumzi.”

“Na asiyepumua, mama?”

“Huyo hana haja ya pasi.”

Walicheka, lakini walikubaliana. Povu akiipata tuzo, mama angemtafuta mtu mwingine wa kaunta na kumwachia binti yake ashike njia aliyoichagua. Akiikosa, angerudi kaunta moja kwa moja, na suala la majukwaa lisitajwe tena nyumbani. Povu alikubali kwa kinywa kipana, kisha usingizi ukamhama.

Waandaaji walimpa kila mshindani mwelekezi wa kumsaidia. Wa Povu alikuwa bwana mpole, mwenye uzoefu wa majukwaa makubwa, na alimtakia mema kwa dhati. “Binti, taifa halilijui duka lenu,” alimshauri. “Zungumzia mambo ya wote. Ndege, hoteli, lifti.” Povu, aliyeijua ndege kwa kuliona tumbo lake tu ilipopita juu ya kamba za nguo, aliyakariri yote neno kwa neno. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, alijiambia, naye akainama mpaka mgongo ukamuuma.

Alasiri ya siku ya tuzo, duka lilifungwa mapema. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza kufungwa hivyo tangu lifunguliwe. Mama alisisitiza kulipiga pasi mwenyewe koti jeupe ambalo Povu angelivaa jukwaani, na Povu akasimama mbele ya meza kufanya mazoezi. Akasimulia habari za mikanda ya ndege. Pasi ikateleza. Akasimulia habari za mhudumu wa hoteli. Pasi ikateleza. Akafika kwenye lifti, na mjomba, ambaye kwa kawaida hucheka kabla kichekesho hakijaisha kwa kuwa amekwisha kuvisikia vyote, akatazama dari.

“Mama, hata kidogo?”

“Naona ni maneno mazuri,” mama alisema kwa adabu, kama anayemjibu mgeni. “Ila sijui ni ya nani.”

Povu aliudhika. Kwa kuudhika huko akafanya alichokuwa akikifanya tangu utotoni anapoishiwa na la kusema: akamwiga mama. Akashika kiuno, akakunja uso, akamkabili mteja wa hewani, yule bwana mnene ambaye kila mwezi hulalamika kwamba duka limempunguzia suruali. “Baba, tulia,” alisema kwa sauti ya mama yenyewe. “Suruali tuliipokea. Tumbo hatukulipokea.”

Kicheko kilimvamia mama kutoka nyuma. Hakukohoa wala hakutetemeka kwanza. Alijishika mbavu kwa mikono miwili, akainamia ukutani, machozi yakimlenga. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuisimamisha pasi.

Harufu ndiyo iliyowashtua. Mama aliinyakua pasi, lakini maji yalikwisha mwagika. Katikati ya mgongo wa koti jeupe palikuwa na alama ya kahawia, ncha juu na kisigino chini, pasi kamili.

Mama aliitazama alama ile kama mtu aliyejikuta amevaa uso wa mwingine. Mjomba, kwa nia njema, alinyoosha mkono kwenye bomba lililoning’inizwa nguo za wateja na kugusa koti moja jeupe la ukubwa ule ule.

“Hilo acha,” mama alisema.

“Ni la usiku mmoja tu, dada.”

“Nguo ya mteja haivaliwi. Sijaivaa mimi, hataivaa mwanangu, hata akiitwa na taifa.”

Basi Povu akalivaa koti lake. Mama alimfunga vifungo kimoja kimoja na kumpa wosia mmoja tu. “Ukiwa kule juu, usigeuke.”

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni, na runinga ikarusha yote nchi nzima. Washindani wawili walitangulia, na kusema kweli hawakuwa haba. Watu walicheka vizuri. Povu alipoitwa, alitembea kwa ubavu kama kaa ili mgongo usionekane. Safu ya tatu alimwona mama yake ameshika mkoba kwa mikono miwili, na mjomba pembeni amekwisha kutabasamu.

Alianza na ndege. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Akaingia hotelini. Kicheko kikapungua. Nyuma ya pazia mwelekezi alimwashiria aongeze kasi. Povu alihisi jasho likishuka chini ya koti, penye alama ile hasa, na akaiona kaunta ikimsubiri maisha yake yote. Akamtazama mama. Mama hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa yakiteleza tu, kama pasi yake.

Povu akaiacha hoteli katikati. Kisha akavuta pumzi na kuzungumza kama azungumzavyo Jumamosi.

“Mabibi na mabwana, mama yangu ni dobi. Na tangu niijue dunia, hajaunguza nguo ya mtu. Masuti ya mabwana harusi yamepita mikononi mwake salama. Majoho ya mahakimu yamepita salama. Hata shati la jirani tunayegombana naye limepita salama.” Akashika kiuno. “Leo alasiri, akaona aanze na mwanawe.”

Akageuka.

Ukumbi ulivuta pumzi, kisha ukapasuka. Povu aliwaacha na mgongo wake mpaka waliposhiba, ndipo akawageukia tena. “Na hakuniomba radhi. Alinitazama akaniambia, ‘Ungesema mapema kwamba unachekesha.’”

“Sikusema hivyo,” sauti ilisikika kutoka safu ya tatu.

Mama alikuwa amesimama. Hakukusudia, alijibu kama anavyojibu kila siku kutoka kwenye meza yake, akasahau kwamba taifa lipo kati yao.

“Ulisema nini basi, mama?”

“Nilisema usigeuke.”

Kicheko kilichofuata hakikuwa na heshima yoyote. Watu waliegemeana, wakafutana machozi wasiojuana. Povu na mama yake wakaendelea hivyo hivyo, huyu juu na yule chini, wakasimulia habari za bwana wa suruali na tumbo lake, na za watoto wanaofuliwa pamoja na shati kwa kukataa kulivua. Kila mtu ukumbini alimwona mama yake mwenyewe. Mjomba alicheka mapema kila mara, na safu zilizomzunguka zikajifunza kumfuata.

Majaji hawakukawia. Mwenyekiti wao, bibi mwenye nywele nyeupe asiyetabasamu ovyo, alipanda jukwaani akiwa bado anapangusa miwani. “Tumechekeshwa na watu hodari watatu,” alisema. “Lakini mmoja alitufungulia mlango wa kwao, tukaingia wote.” Kisha akalitaja jina la Povu.

Povu alishuka na tuzo yenyewe, kinyago cha shaba kinachocheka meno yote nje, akakiweka mikononi mwa mama. Mama alikigeuza huku na huku, akakipangusa kwa ncha ya kanga, kwa kuwa aliona pana alama ya kidole. Midomo ilimchezacheza.

“Jumatatu,” alisema hatimaye, “nitamtafuta mtu wa kaunta.” Akalishika koti mgongoni. “Na koti hilo usilitupe. Kazi yangu na kazi yako zote ziko hapo.” Furaha ilimjaa Povu hata akashindwa kuongea, jambo ambalo mjomba aliapa hajawahi kuliona.

Mwelekezi alikuja kumpa mkono. Alizunguka nyuma kuitazama ile alama, akacheka, na kusema kwamba ndege yake na ibaki uwanjani, haina abiria tena.

Leo koti limetundikwa dukani juu ya meza ya pasi, mgongo ukitazama mlango, na kinyago kiko kaunta. Wateja huja kutoka mitaa ya mbali wakiwa na shati moja tu ili waone. Wa kwanza kufika Jumatatu ile alikuwa yule bwana mnene, kifua mbele, suruali ikimbana kama kawaida. Povu alidhani amekuja kulalamika. Bwana yule aliwageukia watu waliokuwa foleni, akalipapasa tumbo lake kwa fahari na kuwaambia, “Lililotajwa mbele ya taifa ni hili.” Mama aliisimamisha pasi kwa kisigino chake, akashika kiuno, akacheka mpaka mtaa wa pili.

Hakika, mcheza kwao hutunzwa.