Ushindi wa Iddibali

Mwili ukifa huzikwa, watu wakalia, wakanawa mikono na kwenda zao. Moyo ukifa, mwenyewe huibeba maiti yake kila aendako, huku anakula, anacheka na kusalimiwa kama mzima. Ndipo wahenga wakanena kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Asiyesadiki na ayasikie yaliyompata Iddibali, kijana wa mji wa Hadrumeto, katika enzi za Warumi.

Iddibali aliendesha gari la farasi la kikosi cha Kijani. Alikuwa mwembamba kama ufito, ndevu zikianza tu kumchomoza, lakini akishika hatamu za farasi wanne ungedhani alizaliwa nazo mkononi. Siku ya mashindano maduka yalifungwa, vyungu vikaachwa mekoni vikiungua, na vikongwe walibebwa mgongoni mpaka uwanjani. Watu wa Kijani na watu wa Buluu, kikosi pinzani, hawakuwa wakiozana. Lakini lipo jambo ambalo mashabiki wake hawakulijua. Yeye na dada yake mdogo, Gududa, walikuwa wamebatizwa kwa siri, nao walimwabudu Kristo.

Siku moja likatoka tangazo la Kaisari. Kila mtu atie ubani katika chetezo mbele ya sanamu yake na kumkana Kristo; atakayekataa, shingo yake ni halali ya upanga. Askari walivamia nyumba ambamo waumini walikuwa wakisali, wakamkamata Gududa na wenzake. Iddibali alikuwa mazoezini. Habari zilipomfikia, alikwenda moja kwa moja kwa liwali, vumbi likiwa bado usoni.

"Bwana mkubwa, na mimi ni wao," alisema.

Liwali, ambaye alikuwa shabiki wa Kijani wa kufa na kupona, aliruka kitini. "Una wazimu? Kesho mji mzima unakuja kukutazama wewe, halafu mimi nikukate kichwa? Si watanila mbichi!"

"Siwezi kutia ubani."

"Nani kakwambia utie? Hutagusa hata chembe! Wewe shinda. Mpiga mbiu atatangaza kwamba umeshatoa. Kazi yako ni kunyamaza tu. Kunyamaza nako ni dhambi?"

Iddibali akatoka nje. Langoni alimkuta mama yake, Namgidde, aliyekuwa hajabatizwa na hakuwa na haja ya kubatizwa. Alimshika mwanawe mikono yote miwili. "Baba, mmoja wameshanichukulia. Nikiwakosa wote wawili, nitaitwa mama na nani? Funga mdomo. Mdomo tu, mwanangu!"

"Nimesikia, mama," Iddibali akasema. Na kwa kweli alikusudia kunyamaza.

Kesho yake uwanja ulifurika, hapakuwa na pa kutema mate. Magari yalipopangwa mstarini, Rogati wa Buluu alimgeukia kwa kejeli. "We Kijani! Leo utakula vumbi langu mpaka ushibe!"

"Vumbi lako nitalionea wapi, nawe uko nyuma?"

Kitambaa cheupe kikaangushwa. Farasi waliruka kama mishale! Ardhi ilitetemeka, magurudumu yakanguruma, mijeledi ikalia. Gari la kwanza lilipinduka likawa kuni. Rogati alimbana Iddibali ukutani, mzunguko baada ya mzunguko, akimcheka kwa sauti. Lakini walipofika kwenye nguzo ya mwisho ya kugeukia, Buluu alipanuka kidogo, akaiacha nguzo, na katika upenyo ambao hata mbwa angeuogopa, Iddibali akajipenyeza. Gurudumu lake lilikwaruza nguzo, cheche zikaruka. Uwanja wote ulisimama. Farasi wa Kijani wakafika mbele kwa urefu wa pua!

Watu walipiga yowe hadi ndege wakahama paa. Iddibali akapewa tawi la mtende. Mpiga mbiu akapaza sauti: "Mshindi ni Iddibali wa Kijani! Na leo asubuhi amemtolea Kaisari ubani!"

Chini ya jukwaa la liwali walisimamishwa wafungwa katika minyororo, chetezo kikifuka mbele yao. Askari alimsukuma Gududa. "Umesikia? Kaka yako huyo! Wewe unajifanya mtakatifu kuliko nani?"

Gududa alimtazama kaka yake. Iddibali aliangalia kwato za farasi. Uso wa binti yule ulififia kama taa iliyoishiwa mafuta. Akanyoosha mkono, akachota ubani.

Iddibali alipoinua macho akauona mkono ule, kifua chake kilimpasuka.

"Gududa, usitie! Ni uongo! Sikutoa ubani na sitatoa! Mimi ni Mkristo!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Kisha zikapasuka kelele. "Sema unatania!" walilia mashabiki wa Kijani. "Iddi, sema unatania, baba!" Sauti ya Namgidde ilipenya zote, ikiita jina la mwanawe.

Liwali aliinama kutoka jukwaani, jasho likimtiririka. "Sema ni jua limekupiga. Nakupa nafasi."

"Si jua, bwana mkubwa. Tangu jana moyo wangu haujatulia kama sasa."

Gududa akafumbua vidole. Ubani ukamwagika mchangani.

Liwali, aliyeaibishwa mbele ya mji wake, akaamuru mkata vichwa aje hapohapo. Rogati alishuka garini, akamfuata mshindani wake na kumfungua hatamu alizokuwa amejizungushia kiunoni. "Mjinga wewe," alisema kwa kwikwi. "Nilitaka nikushinde mwakani."

"Basi shinda," Iddibali akatabasamu, "ila usipanuke kwenye kona. Ndipo unapoharibu."

Alipiga magoti bila kufungwa. Akamgeukia mama yake kule juu kwenye viti vya watazamaji, akainua mkono. Upanga ukashuka mara moja.

Hapo Kijani na Buluu wakaruka kizuizi kwa pamoja. "Basi! Damu basi!" Mawe yakaanza kurushwa jukwaani. Liwali alikimbia, na kwa kuogopa ghasia hakuthubutu kuua mwingine. Wafungwa walirudishwa gerezani, na Kaisari yule alipokufa wakaachiliwa. Gududa aliishi mpaka mvi zikamjaa, na haya yamepokewa kutoka kinywani mwake.

Alisema kwamba siku alipotoka gerezani, mama yake alimpeleka kaburini na kumwuliza, "Kwa nini hakunyamaza, Gududa? Lilikuwa neno dogo tu."

"Angenyamaza, mama, leo ungekuwa na watoto wawili wanaotembea, na ndani hakuna mtu."

Namgidde alipapasa udongo wa kaburi kama anayempapasa mtoto mgongoni. Halafu akasema, "Kumbe nilizaa mtu."

Iddibali alikufa mchana kweupe, mbele ya macho ya mji mzima, na moyo wake haukufa naye. Hakika, heri kufa macho kuliko kufa moyo.