Jina Moja la Geti

Nisikilizeni kwanza, ubishi mniletee nikishamaliza, maana nimechoka kubishana peke yangu huku nimebeba mtoto.

Palikuwa na wanafunzi watatu katika chuo kikuu kilicho kati ya mtaa wetu na zahanati. Subilaga alikuwa na mabega. Aliposhika tufe la kurusha, waamuzi walirudi nyuma wenyewe bila kuambiwa. Tusekile alikuwa na miguu; wenzake mbioni walizoea kuuona mgongo wake tu. Lugano alikuwa na ulimi. Alisomea sheria, na mama yake anasimulia kwamba akiwa mdogo alimtetea jogoo asichinjwe, wageni wakala mboga za majani.

Basi chuo kikajenga ukuta. Njia yetu ya zahanati ikabaki ndani, likawekwa geti, geti likafungwa kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani, hatukuambiwa. Tukawa tunazunguka kilima kizima, mgonjwa tunazunguka naye, mjamzito tunazunguka naye.

Uchungu ukanishika kabla ya wakati wake, mchana kweupe, nikaanguka palepale getini. Mlinzi akasema hana amri ya kufungua. Subilaga alikuwa ndani akifanya mazoezi, akanisikia, akaruka ukuta.

"Dada, shika shingo," akasema, "ila usinikabe."

Akanibeba mikononi kama gunia la mpunga, akakizunguka kilima chote anakimbia, mimi nalia, yeye ananiambia nilie taratibu, namziba masikio. Mwanangu Ipyana akazaliwa tulipofika tu mlangoni mwa zahanati, akiwa hai. Mgongo wa Subilaga ukateguka, tangu siku hiyo tufe hajalishika, na ada aliyolipiwa kwa ajili ya tufe ikakoma.

Tusekile aliishi na Subilaga chumba kimoja katika bweni la wasichana, akayasikia yote. Yakaja mashindano ya vyuo, mgeni rasmi jukwaani, redio inatangaza moja kwa moja. Tusekile akawaacha wenzake mbali, halafu, hatua moja kabla ya utepe, akasimama. Watu wakadhani msuli umekaza. Kocha akamkimbilia. "Vuka, binti, vuka, utanifukuzisha kazi."

Akamjibu mbele ya kipaza sauti cha mtangazaji: "Akina mama wa nyuma ya ukuta wetu hawavuki. Na mimi sivuki."

Wenzake wakampita. Nchi nzima ikasikia habari ya geti letu, na nafasi yake ya timu ya taifa, pamoja na ada ambayo ingemlipia, ikaenda kwa aliyevuka.

Mnadhani chuo kiliona haya? Baraza likaitwa, si kufungua geti, bali kumfukuza Tusekile na kuongeza kimo cha ukuta. Hapo ndipo Lugano alipoingia kumtetea.

"Kijana," wakamwambia, "wewe unasomeshwa na chuo hiki. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, wazee wangu. Mmenifundisha sheria. Nisiitumie?"

Akasema mpaka chai yao ikapoa. Akawauliza nani kati yao angekubali mkewe azungushwe kilima akiwa na uchungu. Wakatazamana, wakapiga kura: Tusekile abaki, geti lifunguliwe. Muhula uliofuata ufadhili wa Lugano ukakatwa. Bajeti, wakasema.

Yangeishia hapo ningewashukuru wote na kwenda kulala. Lakini mkuu wa chuo akatangaza kwamba geti litapewa jina la mtu mmoja, na huyo mmoja atasomeshwa bure mpaka amalize. Mmoja, kana kwamba majina matatu yangebomoa ukuta. Na geti halifunguliwi mpaka kibao cha jina kipachikwe, kwa sababu mgeni rasmi lazima avute pazia. Na kwa kuwa aliyebebwa ni mimi, jina nilitaje mimi.

Wakanijia nyumbani watatu.

"Mama Ipyana," Subilaga akaanza, "bila mimi ungefia pale, na hawa wangetetea maiti."

"Ulimbeba mmoja," Tusekile akasema. "Bila mimi nani angejua? Mlinzi?"

"Huyu kabeba, huyu kasimama," Lugano akasema, "na geti likabaki limefungwa. Kura nimeitafuta mimi."

"Unajisifu wewe," Subilaga akamrukia, "hata maji ya kunywa hujambebea mtu."

"Na wewe unadhani mgongo unasoma sheria?"

Nikawaambia wagawane. Wakasema ada ya mwaka mmoja mmoja haimfikishi mtu popote. Nikawatoa nje, maana walishamwamsha mtoto.

Na mtoto mwenyewe kifua kinabana, anapumua kwa mluzi, wiki hii nimemzungusha kilima kile tena, mbio, huku naogopa hata kuangalia kama bado anapumua. Nikimtaja mmoja, wawili wanaacha masomo kwa ajili yangu. Nisipotaja, kufuli linabaki.

Basi wewe mwenye utulivu, ungelitaja jina gani? Na usinijibu kwamba wote wanastahili. Hilo nalijua, na geti bado limefungwa.