Mgawa Maji na Nyumba ya Askari

Mtu mmoja alikabidhiwa maji ya kijiji kizima. Jina lake Sifueli, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye naye aliirithi kwa babu. Kijiji chao kilikuwa ubavuni mwa mlima, mahali ambapo mvua huja inapotaka. Kijito chembamba kilitiririka usiku na mchana kikijaza bwawa dogo la udongo, ndiva kama wenyeji walivyoliita. Kila asubuhi Mzee Sifueli alipanda huko, akazibua mlango wa ndiva, na maji yakashuka kwa mfereji hadi shamba la yule ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake. Kila nyumba ilikuwa na siku yake. Na sheria ilikuwa moja: mfereji ukijaa tope, watu waliitwa msaragambo, yaani kazi ya wote, na kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja na jembe. Nyumba iliyotoa jembe ilipata maji. Isiyotoa ilisubiri. Mzee Sifueli aliwahi kumnyima maji mdogo wake wa tumbo moja kwa sheria hiyo, na alipenda sana kulisimulia jambo hilo, maana lilionyesha kwamba yeye hapendelei mtu.

Katika kijiji hicho alikuwapo askari aliyeitwa Mbonea. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, kule chini mfereji unakoishia. Kambi yake ilikuwa karibu, na siku za msaragambo aliomba ruhusa akaja na jembe lake kama wengine, akachimba akiimba. Kisha mpakani kukachafuka, na kikosi chake kikatakiwa kwenda huko kwa miaka miwili. Watu walikusanyika uwanjani mwa kanisa kumuaga. Mbuzi alichinjwa, kwaya iliimba mpaka ikakaukiwa na sauti, na mzee wa kusema kwa niaba ya wote akawa Sifueli. Alimwekea kijana mkono begani, akasema, “Nenda ukatulinde, mwanangu. Nyumba yako usiiwazie. Hiyo sasa ni nyumba yetu.” Watu wote wakaitikia amina. Tena nawaambieni, hakuna aliyesema uongo siku ile. Waliyasema kwa moyo wote, na baadhi walilia machozi ya kweli. Namkunda, mke wa Mbonea, alisimama pembeni na watoto wawili, mmoja mkononi, mmoja mgongoni, na alipoyasikia maneno yale mabega yake yalilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwezi wa pili mfereji ulijaa tope, watu wakaitwa msaragambo. Mzee Sifueli alisimama ukingoni akiita nyumba moja moja, na kila aliyeitwa aliinua jembe. Alipofika kwa Mbonea, hakuna jembe lililoinuka. Mtu mmoja akasema, “Huyo yuko mpakani,” na wote wakacheka kwa upendo, wakasema Mungu amtunze. Kisha Sifueli akaita jina lililofuata. Wiki hiyo, siku ya Jumanne ilipowadia, ambayo tangu zamani ilikuwa zamu ya nyumba ya Mbonea, maji yalikwenda kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeamua hivyo. Sheria ilijiendesha yenyewe, naye mlinzi wake akaiacha ipite. Akilini mwake alijiambia kwamba akifungulia nyumba moja isiyo na jembe, kesho atamjia yule ambaye mumewe yuko mjini kwa biashara zake, na keshokutwa yule ambaye mumewe amelala tu. Alijiambia pia kwamba atalipeleka jambo hilo kwa wazee. Akalipeleka. Wazee walisema ni jambo zito, lahitaji kikao chake. Kikao kiliahirishwa kwa msiba, kikaahirishwa tena kwa harusi. Hapakuwa na mtu aliyekataa. Kwa muda huo nyumba ya Mbonea ikapewa maji ya mkia, yale yanayobaki baada ya wote kumwagilia, na maji ya mkia kufika kule chini yalikuwa yamekwisha kuwa unyevu wa kulowesha kisigino.

Msaragambo uliofuata Namkunda alikuja mwenyewe na jembe begani. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi. Wanaume walianza kutazama majembe yao kana kwamba ndiyo kwanza wanayaona. Kwa desturi ya kijiji kile mwanamke hakanyagi ndani ya ndiva wala mfereji wake mkuu. Mbona ilikuwa hivyo, hata Sifueli hakujua, ila babu alisema. Basi akamwendea yule mama kwa upole, maana hakuwa mtu mkali. Akamwambia, “Mama, hapa si mahali pako. Wewe rudi nyumbani upumzike na watoto, jambo lako tunalo.” Namkunda alimtazama kidogo. Akasema, “Ahsante, baba,” akageuka na jembe lake. Siku ile Mzee Sifueli alirudi kwake akiwa ameridhika. Hakumfokea mtu, hakuvunja desturi, hakuvunja sheria, na mama wa watu alikuwa ameshukuru. Alikula vizuri akalala usingizi mzuri.

Jua likashika mlima. Namkunda aliyachota maji ya maharage yake kwenye chemchemi iliyo bondeni, ndoo kwa ndoo, kichwani, akipanda mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Kwanza aliacha kumwagilia nusu ya shamba ili aokoe nusu. Kisha akaacha nusu ya hiyo nusu. Mtoto wa mgongoni akawa mwepesi, na mkubwa akaanza kuulizwa shuleni mbona anasinzia. Njia ya Mzee Sifueli ya kwenda gengeni ilipita kando ya shamba lile. Akaanza kupita njia ya juu. Mkewe alipomwuliza mbona anazunguka, alisema njia ya juu ina kivuli.

Wala msidhani kwamba kijiji kilimsahau askari wake. Jina lake liliandikwa kwa rangi kwenye ubao wa kanisa. Kila Jumapili aliombewa kwa jina, yeye na bunduki yake na viatu vyake na maji anayokunywa huko aliko. Aliyeomba kwa urefu kuliko wote alikuwa Mzee Sifueli. Aliomba amefumba macho, na sauti yake ilitetemeka, na Namkunda aliitikia amina pamoja na wengine akiwa kwenye benchi la tatu.

Msimu ulipokaribia kwisha, mchungaji alipokea barua kutoka mpakani, akaisoma mbele ya watu baada ya matangazo. Mbonea alisalimia wazee, akasalimia kwaya, akasema wako wazima. Kisha aliandika hivi: “Wenzangu wengi hapa hawatulii. Mtu yuko lindoni lakini mawazo yako nyumbani, na mtu wa namna hiyo huweza kuuawa yeye na kutuua sisi. Mimi natulia. Mke wangu ananiandikia kwamba maji yanafika kila Jumanne bila kukosa, na kwamba Mzee Sifueli hushuka mwenyewe kuona kama yamefika. Anasema maharage yamebeba mpaka yanalala chini. Mzee wangu, sina cha kukupa. Naomba tu kanisa likushukuru kwa niaba yangu.”

Mchungaji, ambaye alikuwa mgeni na hakuyajua mambo ya mfereji, aliikunja barua kwa furaha akamwomba Mzee Sifueli asimame. Waliojua waliinamisha vichwa, na waliojua ndio waliokuwa wengi. Sifueli alimtazama Namkunda. Alimngoja ainuke aseme kweli, na moyoni alimwomba asiseme, na palepale akajiona kuwa anamwomba. Namkunda alikuwa akitazama mbele, mkono wake ukipigapiga polepole mgongo wa mtoto. Hakuinuka. Basi aliyeinuka akawa Sifueli. Angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Badala yake alisema, “Tumshukuru Mungu,” na watu wakampigia makofi, nao makofi yalikuwa machache na mepesi, kila mtu akimsikiliza jirani yake aone kama anapiga. Masikio ya mzee yalikuwa ya moto. Tangu azaliwe hakuwahi kuaibishwa namna ile, na aliyemwaibisha alikuwa amemsifu.

Mchana huo hakupita njia ya juu. Alishuka moja kwa moja mpaka kule mfereji unakoishia. Maharage yalikuwa yamesimama makavu, na alipoyapita maganda yalivunjika kwenye suruali yake yakiwa matupu. Namkunda alikuwa ameketi uani anapepeta kidogo alichovuna. Kilitosha ungo mmoja na hakikuujaza. Alipomwona mgeni aliinuka, akapiga goti kidogo kumwamkia, akamletea kigoda. Kisha, kwa kuwa mgeni hakai mdomo mkavu, aliingia ndani akatoka na maji katika kikombe. Mzee Sifueli alikipokea kwa mikono miwili. Aliyajua maji hayo yalikotoka na yalivyopandishwa. Kuyakataa kungekuwa tusi, na kuyanywa alishindwa. Mwishowe aliyanywa, na yule mama alisimama kwa adabu akingoja kikombe.

Akamwuliza, akiwa anatazama chini, “Mama, kwa nini ulimwandikia vile?”

Namkunda alikichukua kikombe. Akasema, “Baba, yeye anawalinda ninyi. Nami nikaona, na yeye je, nani amlinde?”

Hakusema kwa hasira. Aliketi akaendelea kupepeta. Mzee Sifueli alitafuta pa kuweka macho akakosa. Ndipo alipoelewa kwamba siku ile alipoita majina ukingoni, Mbonea alikuwa kwenye msaragambo, kulekule lindoni. Alikuwako tangu alfajiri, alikuwako usiku, na jembe lake lilikuwa limeinuliwa kwa ajili ya kila nyumba ya mlima ule, nyumba ya Sifueli ikiwamo. Na mwanamke huyu naye alikuwa amefanya kazi ya wote, peke yake, kwa kalamu na kwa njaa. Yeye mgawa maji, mtu asiyependelea, ndiye pekee aliyekuwa hajatoa jembe.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yake mwenyewe. Alipanda ndivani akazibua mlango, kisha akashuka akifuata maji, akayaziba njia ya shamba lake na kuyapeleka chini. Watu walitoka milangoni kutazama. Maji yalifika kwa Namkunda mengi, yakaingia matutani, yakayalowesha maharage yaliyokufa, yakapita. Kitu kilichokauka hakikuuliza maji yametoka kwa nani. Tangu siku hiyo kila Jumanne yalifika bila kukosa, na Sifueli alishuka mwenyewe kuona kama yamefika, na kila msaragambo alichimba sehemu mbili, yake na ya Mbonea, na mgongo wake wa miaka sitini na mitano ukamwadhibu kwa hilo. Kikao cha wazee hakikukaa tena. Hapakuwa na haja. Barua ya Namkunda ikawa kweli, ila ilikuwa imechelewa msimu mzima, na msimu huo ulikuwa umewapitia watoto wawili miilini mwao.

Alitamani kutubu mbele ya kanisa. Usiku na mchana alitamani. Lakini alijua kwamba akitubu habari zitatembea, zitafika mpakani, na kijana aliye lindoni ataacha kutulia. Kwa hiyo hata toba ilimfungia mlango. Barua zilipokuja, na zilikuja kila baada ya miezi michache, jina lake lilisomwa kwa shukrani, naye alisimama akazipokea, kwa kuwa ndivyo mwanamke yule alivyoujenga ukuta wa kumlinda mumewe, na Sifueli alikuwa tofali mojawapo. Walio kanisani hawakumcheka. Kila mmoja wao alikumbuka siku ya mbuzi na kwaya, alikumbuka amina yake mwenyewe, na jinsi alivyolitazama jembe lake mama alipokuja.

Basi ninyi mnaomtaja mlinzi wenu kwa jina kila mnaposali, hebu niambieni: zamu ya maji ya nyumba yake mmeiweka siku gani?