Chapisho la Arobaini

Profesa Kidungwe alikuwa na machapisho thelathini na tisa na kalamu isiyowahi kuisha wino.

"Nataka la arobaini," alimwambia Siwema, msaidizi wake wa utafiti. "Wewe andika, jina liwe langu peke yangu. Vinginevyo mkataba wako sisaini."

"Haina shida, Profesa. Alhamisi utalipata."

Alhamisi makala ikafika, inahusu ugonjwa wa batobato ya mihogo. Profesa aliisoma huku anachekelea. "Hii ndiyo kazi! Siku hizi umekomaa." Akausaini mkataba palepale, kisha akaituma makala kwenye jarida.

Wiki ya tatu akamvamia Siwema, macho yamemtoka pima.

"Umeniponza! Mhariri anasema makala hii ilishachapishwa miaka tisa iliyopita, imebadilishwa kichwa tu. Umemwibia nani?"

"Kwani mhariri hakumtaja mwandishi?"

Profesa aliifungua tena ile barua, safari hii akaisoma hadi mwisho. Akalisoma jina.

"Kidungwe."

"Haa! Pole, Profesa," alisema Siwema. "Nilijua mtu hasahau kazi ya mkono wake. Au na hiyo uliandikiwa?"