Gobole Mkutanoni

Ndugu waumini, sogezeni safu kidogo ili walio barazani nao wasikie.

Kulikuwa na kamanda wa mgambo katika kijiji kimoja cha wakulima wa korosho. Kijiji kilipakana na pori, na nguruwe walishuka kila msimu kufukua mihogo, kwa hiyo magobole, zile bunduki za kienyeji za kushindilia baruti, yalikuwa mengi. Kulikuwa na sheria ndogo iliyopitishwa na wazee wao wenyewe: gobole ni la shambani, atakayelipeleka penye ngoma, mgambo watalichukua papo hapo na kulifikisha kituo cha polisi. Sheria hiyo kila mtu aliijua. Na kila watoto walipotoka jandoni, baruti ikalia, kila mtu alishangilia.

Mwaka mmoja baruti ililia, na kipande cha chuma kikampofua jicho binti mdogo aliyepanda juu ya kinu ili aione ngoma. Waliopiga walikuwa watatu, na hakuna aliyetaka kujua chuma kilitoka kwa nani. Mmoja wa hao watatu alikuwa kaka mkubwa wa kamanda. Kamanda alikuwapo. Alimfunga binti kitambaa, akatafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Gobole hakuligusa.

Kabla hamjamhukumu, jueni kaka huyo alikuwa nani. Baba yao alipofariki, yeye aliacha shule ili mdogo wake asome. Mdogo alipougua surua, alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mto umejaa. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje alete bunduki?

Mkutano wa kijiji ukaitwa mbele ya ghala la korosho. Mwenyekiti akapendekeza sheria mpya: faini maradufu, na kila gobole likaguliwe upya. Kamanda akasimama kuunga mkono. Akasema kwa sauti kubwa kwamba sheria ya zamani ilikuwa legevu mno. Alipokwisha kusema alijisikia nafuu, kama aliyetua mzigo.

Bibi mmoja, mtani wa ukoo wao, akadakia. "Kamanda wa kukamata kuku! Wapika gongo wanakujua kwa kishindo cha buti. Na wenye bunduki je, wanakujua kwa nini? Kwa saluti?"

Watu wakacheka. Kamanda naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi.

Kicheko kikakatika. Kaka mtu alikuwa amefika, kanzu safi, gobole begani. Alikuwa njiani kwenda ng'ambo ya mto, ambako wajukuu zake walikuwa wanatoka jandoni jioni ile ile. Akachuchumaa pembeni, akawaamkia jirani zake.

Mwenyekiti akakohoa. "Wanaoikubali sheria mpya, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka uwanja mzima. Na kaka yule, gobole limeegemea bega lake, akanyoosha wake.

Wakapiga makofi. Mtendaji wa kijiji akaeleza kwamba sasa sheria itapelekwa wilayani, na ikishaidhinishwa ndipo itaanza kutumika.

Mama wa binti alikuwa amekaa chini na wenzake. Akauliza bila kusimama, "Na leo?"

"Leo kuna nini, mama?"

"Leo ng'ambo kuna ngoma, na bunduki ile pale inakwenda. Ile sheria ya kwanza mmeifuta?"

Mtendaji akatazama karatasi zake. "Haijafutwa."

Macho yote yakamgeukia kamanda. Kaka yake alikuwa ameshainuka, anakung'uta kanzu. Kamanda akavuka uwanja kumfuata, na kila hatua alitamani mtu amwite arudi. Hakuna aliyemwita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Hilo limeshindiliwa?"

"Limeshindiliwa. Si unajua leo ni siku ya wajukuu zako?"

"Naomba unipe."

Kaka akatabasamu. "Acha utani. Wewe si yule bibi."

"Umenyoosha mkono, kaka. Nimekuona."

"Kwa nini nisinyooshe? Hata zipite sheria mia nitanyoosha. Atakayekuja kunishika si ni wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana neno lile lilimchoma kamanda. Hapo akajua kilicholegea kilikuwa nini.

Akaukamata mtutu. Kaka hakuachia.

"Achia. Unanivunjia heshima mbele za watu."

"Siachii, kaka."

Wakavutana. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma, mama mmoja akamfunika mwanawe kwa khanga. Kaka akainamisha macho, akaona mdomo wa bunduki umeelekea wapi: tumboni kwa mdogo wake. Vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja.

Akaenda ngomani mikono mitupu. Na tangu siku ile hakumsemesha mdogo wake. Alipofariki, kamanda ndiye aliyemwosha, na salamu yake ya mwisho ilikuwa bado haijajibiwa.

Sasa nawauliza. Gobole lile lilichukuliwa kwa sheria ipi? Si kwa ile iliyopigiwa makofi. Ni kwa ile ile ya zamani, iliyoitwa legevu. Sisemi sheria mpya haikufaa. Huenda ilihitajika, na ilipotoka wilayani ilimkuta kamanda anayeweza kuisimamia. Lakini sisi tunapopiga kelele tuongezewe sheria, tunatafuta usalama, au tunatafuta mahali pa kujificha tusiitekeleze ile tuliyonayo? Kumkamata mgeni ni rahisi. Ni nani kati yetu asiyejua silaha iliyochomekwa darini kwa mjomba, akanyamaza kwa sababu ni mjomba?

Binti yule hakupoteza jicho kwa kukosa sheria. Alilipoteza mbele ya watu wazima walioijua, wakipiga vigelegele. Na watu wazima hao, ndugu zangu, ni sisi.

Basi leo tukitoka hapa, kabla hujaketi kula, mwendee huyo unayemjua. Mwamkie kwa heshima yake yote. Kisha mwambie alete.